Nani Anapiga Hodi? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kuunganisha Hifadhidata za Ofisini na Wingu

Barua za safari hii zinatoka mkoa wa Tanga, na karibu zote zina kilio kimoja: data iko ofisini, ripoti inatakiwa wingu (kompyuta za kukodi kwenye intaneti), na katikati kuna kitufe cha kujaribu muunganisho kinachorudisha maandishi mekundu. Tumejibu kwa urefu pale penye kazi, na kwa ufupi pale pasipo na mengi.

SWALI: Asalaam aleikum. Ofisi yetu ya mkonge iko Muheza. Hesabu ya singa na marobota tunaiweka kwenye SQL Server Express, programu ya hifadhidata ya Microsoft, katika kompyuta moja pale mapokezi. Wenzetu wa Tanga mjini wamefungua Azure Data Factory, huduma ya wingu ya Microsoft ya kuhamisha data, ili wavute data kila usiku. Nimejaza anwani 192.168.1.20, jina la mtumiaji na nenosiri. Nikijaribu, inazunguka weee, kisha inasema seva haipatikani. Nenosiri ni lile lile ninalolitumia kila siku. Fundi mmoja amenishauri nifungue poti (mlango wa mawasiliano) kwenye ruta. Nifungue? — *Karani wa takwimu, Muheza*

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu karani. Usifungue. Kama imeshafunguliwa, ifunge leo. Poti 1433, ile ya SQL Server, ikionekana kwenye intaneti, programu za wavamizi huikuta bila hata kujua kuwa wewe ni nani, zikaanza kubahatisha nenosiri la akaunti ya "sa", yaani ya msimamizi mkuu, usiku na mchana. Na kama intaneti yenu ni ya laini ya simu, angalia anwani ambayo ruta imepewa na mtandao: ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mnachangia anwani moja na wateja wengine, na hata ukifungua poti hakuna kitakachofika kwako.

Nenosiri lako halina kosa, halijafikiwa hata kuulizwa. Anwani zinazoanza na 192.168, na 10, na zile za 172.16 hadi 172.31, ni za ndani ya nyumba. Ofisi zisizohesabika duniani zina kompyuta yenye anwani 192.168.1.20. Unapobonyeza kitufe ukiwa Muheza, unadhani kompyuta yako ndiyo inayopiga hodi. Sivyo. Anayepiga hodi ni seva ya Microsoft huko iliko, na kwake mlango huo haupo. Kila jaribio la muunganisho linaposhindwa, swali la kwanza ni hilo: nani anapiga hodi, na amesimama wapi? Tutalirudia mpaka mwisho wa kurasa hizi.

Dawa ni kuweka wakala ndani ya nyumba. Microsoft wana programu iitwayo Integration Runtime, ya kusimikwa kwenye kompyuta ya Windows iliyo katika mtandao wa ofisi. Wakala huyu ndiye anayetoka nje kwenda wingu kupitia poti 443, ile ile ya kurasa salama za intaneti, anachukua kazi, anaisoma hifadhidata kwa ndani, kisha anapeleka data. Hakuna mtu wa nje anayeingia kwenu, kwa hiyo ruta haiguswi.

Kompyuta ya wakala iwe na angalau kori 4, kumbukumbu ya GB 8 na nafasi ya GB 80 kwenye diski. Hicho ndicho kiwango wanachokipendekeza Microsoft wenyewe. Yaweza kuwa ile ile yenye hifadhidata, ila ikitengwa ni bora, maana wakati wa kuvuta data nyingi karani wa mapokezi ataona mashine yake imekuwa nzito. Ndani ya Data Factory, tengeneza wakala mpya wa aina ya kujisimikia mwenyewe. Utapewa funguo mbili ndefu. Nakili moja, isimike programu ofisini, bandika ufunguo, na subiri hali yake isome kuwa yuko hewani. Kisha kuna hatua ambayo watu wengi huiruka: rudi kwenye fomu ya muunganisho, na pale juu panapouliza utumie wakala gani, ondoa yule wa kawaida wa wingu na uchague huyu mpya. Usipofanya hivyo, umemwajiri mlinzi ukamwacha nje ya geti.

Sasa SQL Server Express yenyewe. Ikishasimikwa, huwa haisikilizi mtandao kabisa. TCP/IP, njia yake ya kuongea kwenye mtandao, imezimwa tangu kiwandani. Fungua SQL Server Configuration Manager, ingia sehemu ya itifaki za SQLEXPRESS, washa TCP/IP. Bofya mara mbili, nenda kwenye anwani, shuka hadi chini kabisa penye IPAll. Pale "TCP Dynamic Ports" futa kilichoandikwa pabaki patupu, hata 0 isibaki. Pale "TCP Port" andika 1433. Kisha washa upya huduma ya SQL Server, kwa sababu bila hivyo hakuna badiliko litakaloshika. Kwenye fayawoli ya Windows (ukuta unaochuja mawasiliano), ruhusu poti 1433 kwa anwani ya kompyuta ya wakala peke yake.

Kabla ya kurudi wingu, jaribu ukiwa umekaa kwenye kompyuta ya wakala. Fungua PowerShell, andika:

Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 1433

Mstari wa mwisho ukisema TcpTestSucceeded : True, njia iko wazi. Ukisema False, usihangaike na fomu ya wingu hata kidogo. Tatizo bado liko chumbani kwenu.

Katika fomu, seva na poti hutenganishwa kwa mkato, si kwa nukta mbili: 192.168.1.20,1433. Alama hiyo moja imeshawapotezea watu siku nzima. Ukifika hapo ukapata kosa 18456, ujue hodi imeitikiwa ila jina limekataliwa. Mara nyingi ni kwa sababu SQL Server imewekwa ikubali watumiaji wa Windows tu. Badilisha kwenye sifa za seva, upande wa usalama, ikubali aina zote mbili, uiwashe upya tena.

Mawili ya mwisho. Umeme ukikatika na kurudi, ruta huweza kugawa anwani upya, na kompyuta iliyokuwa 20 ikaamka 23. Ifungie anwani yake kwenye ruta. Na kompyuta ya wakala isilale usiku. Zima usingizi wake kwenye mipangilio ya umeme, vinginevyo kazi ya saa nane usiku itamkuta wakala amelala fofofo.

SWALI: Wakala wetu yuko hai. Hifadhidata ni MySQL kwenye seva ndogo ya Linux hapa Pongwe, ya vituo vya kukusanyia maziwa. Kwanza tulipata kosa 2003, tukabadilisha hiki na kile, sasa tunapata 1130. Nikiingia pale pale kwenye seva kwa jina na nenosiri hilo, inakubali. Tumeharibu? — *Dada wa mahesabu, Pongwe*

JIBU: Hamjaharibu, dada. Mmesogea. Namba hizi zina mpangilio wake, na ukizijua zinakuambia umesimama wapi.

2003 maana yake hukufika mlangoni. Soma mabano yanayoifuata. Ikiwa 10061, au 111 kwa Linux, mashine imepatikana lakini hakuna anayesikiliza poti hiyo. Ikiwa 10060 au 110, umepiga hodi hadi muda ukaisha bila kuitikiwa: anwani si yenyewe, au fayawoli inameza. 1130 maana yake umefika mlangoni, na MySQL imetazama unakotoka ikasema hakuna mtu wa kutoka huko aliyeandikwa kwenye daftari. 1045 ni ya mbele zaidi: jina, mahali na nenosiri havikulingana.

Kwa nini inakubali ukiwa kwenye seva? Kwa MySQL, mtumiaji ni jina pamoja na mahali anapotoka. 'mahesabu'@'localhost' na 'mahesabu'@'192.168.1.35' ni watu wawili, kila mmoja na nenosiri lake na haki zake. Wewe ulimsajili wa kwanza, naye wakala anakuja kama wa pili.

Tuseme wakala yuko 192.168.1.35. Mwandikishe mtumiaji wake pekee:

CREATE USER 'mvutaji'@'192.168.1.35' IDENTIFIED BY 'nenosiri refu';
GRANT SELECT ON maziwa.* TO 'mvutaji'@'192.168.1.35';

Haki ni SELECT tu, ya kusoma. Tunaona maunganisho mengi yakitumia "root", mtumiaji mwenye haki zote, kwa sababu inapita upesi, na hilo linatusikitisha: nenosiri hilo likivuja, anayelipata anaweza kufuta kila lita iliyopokelewa tangu mwaka mlioanza. Mvutaji wa data hana sababu ya kuandika chochote kwenye chanzo. Na alama ya % mahali pa anwani, inayomaanisha popote pale, iachwe.

Ikiwa mtarudi tena kwenye 2003 yenye 10061, fungua /etc/mysql/mysql.conf.d/mysqld.cnf (kwenye Ubuntu iko hapo), tafuta bind-address. Ikiwa 127.0.0.1, MySQL inajisikiliza yenyewe tu. Weka anwani ya seva ya mtandao wa ndani, kisha:

sudo systemctl restart mysql
sudo ufw allow from 192.168.1.35 to any port 3306

Halafu litazame tangazo la 1045 mkilipata, maana linaandika anwani ambayo MySQL imeiona. Ikiwa si ile mliyoitarajia, wakala anatokea kwenye kadi nyingine ya mtandao, pengine ya waya na ya Wi-Fi zimewashwa pamoja.

SWALI: Boti za dagaa huteremsha usiku wa manane. Mzigo uliopokelewa saa sita na nusu usiku wa tarehe 1 unaonekana kwenye ripoti ya wingu kuwa wa mwezi uliopita. Ofisini, kwenye MySQL, tarehe ni sahihi. Nani anadanganya? — *Msimamizi wa mapokezi, mwaloni, Tanga*

JIBU: Hadanganyi mtu. Tanzania iko saa 3 mbele ya saa ya dunia (UTC), na huduma za wingu nyingi hutembea kwa saa ya dunia. Saa sita na nusu usiku kwetu, kule bado ni saa 21:30 ya siku iliyotangulia. Kwa hiyo kila kinachopokelewa kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku kitarudi nyuma siku moja, na usiku wa kuamkia tarehe 1 kitarudi mwezi. Kwa biashara ya dagaa hicho ndicho kipindi chenye mzigo, ndiyo maana mmeliona nyinyi mapema. Duka la vitenge lingekaa miaka bila kujua.

Pima kwanza. Kwa kutumia muunganisho wa wingu, si kwa kukaa kwenye seva, endesha:

SELECT NOW(), UTC_TIMESTAMP(), @@session.time_zone;

Majibu mawili ya mwanzo yakilingana, kikao cha wingu kinasoma kwa saa ya dunia. Kolamu ya aina ya TIMESTAMP hubadilika kufuata kikao kinachosoma; ya DATETIME hubaki kama ilivyoandikwa. Kwa dalili mlizoeleza, saa kurudi nyuma tatu, yenu ni TIMESTAMP inayosomwa kwa saa ya dunia. Kama saa zingekwenda mbele tatu, ingekuwa kinyume chake: DATETIME ya hapa imebandikwa lebo ya saa ya dunia, kisha ripoti ikaongeza tatu juu yake.

Na tofauti ikiwa saa 6 kamili, usiitazame wingu. Karani ameandika saa ya Kiswahili: saa tisa usiku akaijaza 9:00 wakati mashine inaijua kuwa 3:00. Hilo hurekebishwa kwenye fomu ya kujazia, kwa kumfanya achague usiku au mchana na programu igeuze yenyewe.

Ushauri wetu: wingu ihifadhi saa ya dunia kama inavyopenda, lakini wakati wa kuvuta ongeza kolamu ya pili ya siku ya biashara, iliyokokotolewa papo hapo:

DATE(CONVERT_TZ(muda, '+00:00', '+03:00')) AS siku

Tumeandika +03:00 kwa makusudi. Jina la eneo la saa, kama Africa/Dar_es_Salaam, hurudisha NULL (jibu tupu) kwenye MySQL ambayo majedwali yake ya maeneo hayajapakiwa, na kwetu hakuna kubadilisha saa majira ya joto na ya baridi, kwa hiyo tatu ni tatu mwaka mzima. Data mliyokwisha kuivuta msiiongezee saa 3 kwa mkono; ivuteni upya kutoka kwenye chanzo.

Ratiba nayo ina mtego huu huu. Ratiba za AWS Glue, huduma ya wingu ya Amazon ya kuhamisha data, hufuata saa ya dunia: ukitaka kazi ianze saa nane usiku, andika 23:00, na ukumbuke ni 23:00 ya siku iliyotangulia. Azure Data Factory hukuruhusu kuchagua eneo la saa. Chagua Afrika Mashariki.

SWALI: Muunganisho unafanya kazi vizuri, lakini bando la ofisi linaisha kabla ya tarehe 10. Jedwali kubwa lina mistari kama 900,000, na kwa siku huongezeka kama 1,200. — *Fundi wa kompyuta, Korogwe*

JIBU: Unahamisha nyumba nzima kila usiku ili upeleke kikombe kimoja. Chukua mfano wa mstari mmoja kuwa baiti 400: mistari 900,000 ni MB 360, na kwa siku 30 ni karibu GB 11. Mistari 1,200 ni chini ya nusu ya MB kwa siku, yaani kama MB 15 kwa mwezi mzima.

Vuta kilichobadilika tu. Jedwali liwe na kolamu ya muda wa badiliko la mwisho, inayojaa yenyewe:

ALTER TABLE mauzo ADD ilibadilika TIMESTAMP DEFAULT CURRENT_TIMESTAMP ON UPDATE CURRENT_TIMESTAMP;

Iwekee faharasa, la sivyo hifadhidata itapekua mistari yote 900,000 kila usiku ingawa inatuma 1,200. Baada ya kila kuvuta, hifadhi ule muda mkubwa kuliko yote uliousoma, ndio alama yako, na usiku unaofuata anzia hapo. Usitumie namba ya mstari inayoongezeka kama alama pekee: itakuletea mistari mipya na kukuficha ile ya zamani iliyosahihishwa, na masahihisho ndiyo yanayogombanisha ripoti mbili.

Anzia dakika 10 nyuma ya alama, si pale pale. Mtu anaweza kuanza kuandika saa 2:00 na kukamilisha saa 2:03. Mstari wake una muda wa 2:00 lakini wewe uliyesoma saa 2:02 hukuuona. Kwa kuwa utasoma baadhi ya mistari mara mbili, upande wa wingu uandike kwa kufuata ufunguo wa jedwali: ukiwepo sasisha, usipokuwepo ongeza. Iliyofutwa kwenye chanzo haitaonekana kwa njia hii. Badala ya kufuta, weka kolamu ya "imefutwa" na uandike 1.

Kama unapeleka mafaili ya Parquet (muundo wa kuhifadhi data kwa kolamu), yanabana data vizuri kuliko CSV (maandishi yaliyotenganishwa kwa mikato), lakini wakala wa Azure anahitaji Java ya biti 64 kwenye kompyuta yake. Isipokuwepo, muunganisho utapita jaribio na kazi itaanguka baadaye.

SWALI: Zahanati yetu inataka kupeleka kumbukumbu wingu kwa ajili ya ripoti za kila wiki. Je, inaruhusiwa? Na nenosiri tulihifadhi wapi? — *Muuguzi, Pangani*

JIBU: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya imeziweka kwenye kundi nyeti. Ina masharti pia ya kusafirisha taarifa nje ya nchi. Vituo vya karibu vya AWS na Azure kusini mwa Afrika viko Cape Town na Johannesburg, kwa hiyo ukichagua eneo hilo tayari umevuka mpaka. Wasilianeni na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kabla ya mstari wa kwanza kuondoka.

Kwa upande wa ufundi, ripoti ya wiki haihitaji jina la mgonjwa. Tengenezeni VIEW, dirisha linaloonyesha kolamu mlizochagua tu, yenye tarehe, kundi la umri, kata na aina ya ugonjwa, na mtumiaji wa wingu apewe SELECT kwenye VIEW hiyo peke yake, asiyaone majedwali. Hapo hata fomu ikikosewa, hakuna jina la kutoka.

Nenosiri likae kwenye kabati la siri la huduma yenyewe, kwa Azure ni Key Vault, kwa AWS ni Secrets Manager, na muunganisho ulisome kutoka huko. Lisitumwe kwenye kundi la WhatsApp. Mkitaka kulibadilisha bila kazi ya usiku kuanguka, wekeni watumiaji wawili wenye haki sawa: badilisheni la yule asiyetumika, elekezeni muunganisho kwake, jaribuni, ndipo mbadilishe la mwingine.

SWALI: Namba za simu za wateja zinafika wingu bila 0 ya mwanzo, na tarehe nyingine zimegeuka mwezi. Chanzo ni faili la CSV. — *Muuza vifaa, Ngamiani*

JIBU: Fungua faili kwa Notepad, si kwa Excel. Ukiiona 0 pale, basi muunganisho wa wingu ndio ulioikisia kolamu kuwa namba. Itangaze kuwa ni maandishi. Usipoiona, mtu alilifungua faili kwa Excel akalihifadhi, na 0 ikapotelea hapo. Namba zenye tarakimu 9 zinazoanza na 6 au 7 unaweza kuzirudishia 0 kwa usalama.

Tarehe, 03/04/2025 kwetu ni Aprili, kwa Mmarekani ni Machi. Andika dd/MM/yyyy kwenye muundo wa tarehe wa muunganisho, na angalia herufi: MM kubwa ni mwezi, mm ndogo ni dakika. Mahali pa kujijaribia ni tarehe ya 13 na kuendelea, kwa sababu tarehe 1 hadi 12 zote zitapita hata zikiwa zimegeuzwa, na ya 13 ndiyo itakayogoma.